Tikisa chupa kabla ya kutumia

Shajara ya leo ni ya chupa moja tu ya dawa, ile ya Bi. Inglethorp katika The Mysterious Affair at Styles. Ambaye hajaisoma riwaya hii aishie hapa, maana nitamwaga kila kitu.

Agatha Christie aliiandika mwaka 1916, akiwa anafanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa vita. Ilitoka Marekani 1920, Uingereza 1921. Kazi ile ya kupima na kuchanganya dawa ndiyo iliyozaa njama yote.

Mama mwenye nyumba anakufa alfajiri kwa striknini. Kila mtu anauliza: sumu ilitiwa saa ngapi, na nani? Kahawa inashukiwa, lakini aliletewa jioni, kama saa mbili usiku, na striknini haina subira ya kungoja mpaka alfajiri. Kakao nayo inapimwa, haina striknini. Msomaji anabaki akihesabu vikombe. Ninavyoona, hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu swali lenyewe ni bovu. Striknini haikuletwa na mtu usiku ule. Ilikuwa chumbani mwake siku zote, ndani ya dawa ya kuongeza nguvu aliyoandikiwa na daktari wake.

Dawa hiyo inatajwa mapema, kisha inawekwa kando kwa hoja inayoonekana haina ufa: ili afe kwa dawa ile angelazimika kunywa karibu chupa nzima kwa mkupuo. Ni kweli kabisa, ikiwa dawa imechanganyika sawasawa.

Hebu tupige hesabu kwa mfano ambao Poirot, mpelelezi wa riwaya hii, anausoma kutoka kitabu cha wafamasia: greni 1 ya striknini salfeti, yaani kama miligramu 65, ndani ya aunsi 8 za maji. Kwa kijiko cha nusu aunsi, hizo ni dozi 16, na kila dozi ina miligramu 4 hivi. Lakini mchanganyiko ule wa kitabuni una bromaidi pia, chumvi ya kutuliza, na bromaidi haipatani na striknini. Katika saa chache sehemu kubwa ya striknini inajitenga, inakuwa fuwele zisizoyeyuka, inatua chini. Anayekunywa dozi za mwanzo anakunywa karibu maji matupu. Ya mwisho inabeba mashapo yote.

Daktari hakuandika bromaidi kwenye dawa ya Bi. Inglethorp. Mama alikuwa na unga wa bromaidi wa kumsaidia kulala, na mtu alitia pakiti moja au mbili katika chupa ikiwa imejaa. Baada ya hapo muuaji hana kazi tena. Anaweza kuwa mbali kabisa siku chupa itakapokwisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ki kabatini.

Je, Christie ametutendea haki? Kwa upande wa kemia, si sana. Asiyejua famasia hawezi kukisia kwamba bromaidi inaangusha striknini. Ila dalili nyingine zimeanikwa juani: boksi tupu la unga lisilo na jina la duka la dawa, na maneno ya mtumishi kwamba dozi ya mwisho ilinywewa siku ileile. Mtu akiviweka viwili hivyo pamoja, anakaribia.

Kinachonivutia zaidi ni mkono uliokuwa ukimimina. Chupa ikitikiswa, fuwele zinatawanyika na mpango wote unaharibika, kwa hiyo aliyezoea kumpa mama dawa alihakikisha haitikiswi, mashapo yakae chini yasiguswe. Anayesoma mara ya pili amtazame Evelyn Howard, msaidizi wa Bi. Inglethorp, mkali wa maneno, anayemchukia mume wa mama waziwazi mbele ya kila mtu, na anayeondoka Styles, nyumba ya mama huyo, kwa ugomvi siku nyingi kabla chupa haijakwisha.