Karibu mlangoni, usikaribie ndani: siku moja ya afisa elimu wa makumbusho ya sanaa

Mimi ni afisa elimu katika jumba dogo la makumbusho ya sanaa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa miaka minne sasa nimekabidhiwa jukumu ambalo kwenye barua ya ajira limeandikwa kwa maneno machache tu, kwamba nihakikishe jumba linafikika na kila mtu anakaribishwa, lakini ukiyafungua maneno hayo unakuta ndani yake ngazi, taa, vyoo, walinzi, lugha na viti. Nimeona niandike jinsi Alhamisi moja ilivyokwenda, tangu nilipotoka nyumbani.

Saa 12:20 asubuhi

Nilipanda mwendokasi Kimara. Tangu mabasi haya yaanze mwaka 2016 nimeyapenda kwa jambo moja, nalo ni kwamba sakafu ya kituo imewekwa usawa wa sakafu ya basi, hivyo mwenye kiti mwendo anaweza kuingia bila kubebwa kama gunia. Anaweza, nasema, maana asubuhi watu hubanana kiasi kwamba hata mwenye miguu yake miwili hana pa kuiweka. Niliposhuka, nilitembea hadi kazini nikiitazama njia kwa macho ya mtu mwingine, jambo ambalo limekuwa mazoea yangu: mtaro usio na mfuniko, bodaboda tatu zilizoegeshwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kibao cha duka kilichoning'inizwa usawa wa uso, ambacho fimbo nyeupe ya asiyeona haitakigundua kwa sababu fimbo hupapasa chini. Nilimpigia simu mwalimu aliyekuwa akituletea wanafunzi saa nne na nusu, nikamwomba basi lao liwashushie geti la nyuma.

Saa 1:30 asubuhi

Jumba letu ni la zamani na lina ngazi tatu mbele, kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 17. Hesabu ya mteremko wa kiti mwendo nimeirudia mbele ya wakubwa zangu mara nyingi hata usingizini naijua: kila sentimita moja ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu ili mtu ajisukume mwenyewe bila kuomba msaada, kwa hiyo ngazi zetu tatu, ambazo jumla yake ni sentimita 51, zinadai mteremko wa zaidi ya mita sita. Fundi aliyetutengenezea mteremko wa kwanza alitumia mita mbili na mbao za kubahatisha, na mtu wa kwanza kuujaribu alishuka kwa kasi hadi akasimamishwa na mwembe. Mteremko wa sasa unakata kona, una sehemu tambarare ya kupumzikia katikati na reli pande zote mbili, na wanaoutumia zaidi ni akina mama waliobeba watoto na vijana wanaoleta maji kwa toroli, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo.

Waliohoji gharama zake niliwapeleka chumba cha pili, mahali ilipo kazi ya George Lilanga, yule msanii Mmakonde wa mashetani yenye masikio makubwa na rangi zinazopiga kelele, aliyefariki mwaka 2005. Miaka yake ya mwisho, baada ya kisukari kusababisha akatwe miguu, Lilanga aliendelea kufanya kazi akiwa ameketi. Niliwauliza angeingilia wapi kuitazama kazi yake mwenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nilikuwa nayo mkobani, pamoja na ibara ya 30 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inayoyataja makumbusho kwa jina lake, lakini sikuhitaji kuvitoa.

Saa 2:00 asubuhi

Ukaguzi wa choo. Choo chenye mlango mpana na vyuma vya kushikia kiligeuka tena stoo: fagio nne, ndoo mbili na bango la maonyesho ya mwaka juzi. Nilivitoa mwenyewe.

Kisha kikao kifupi na walinzi getini. Mlinzi wetu wa siku nyingi, ambaye sote humwita Babu, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kando yake alisimama kijana wa kampuni ya ulinzi aliyeanza kazi Jumatatu. Tulifanya mazoezi ya kumwongoza asiyeona: usimshike mkono ukamvuta, mpe kiwiko chako akishike yeye, mtajie ngazi kabla hajaifikia, na ukizungumza, zungumza naye, si na aliyemsindikiza. Yote hayo kijana aliyapokea vizuri. Somo gumu ni lile la salamu. Mgeni wa ng'ambo akifika getini hukaribishwa kwa tabasamu, ilhali Mswahili mwenzetu aliyevaa kandambili huulizwa, "Unakwenda wapi?" Naamini swali hilo limefukuza watu wengi kuliko kiingilio chetu na ngazi zetu zote kwa pamoja, na wanaofukuzwa nalo hawaandiki malalamiko, wanaendelea tu na safari yao.

Saa 3:00 asubuhi

Lebo. Tulipoanza, maelezo yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza, katika jiji ambalo watu hununua, huomba na hugombana kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza tuliyoagiza ilisema kuwa mchoro mmoja umetengenezwa kwa "vyombo vya habari mchanganyiko" (Kiingereza kilisema "mixed media", yaani malighafi mchanganyiko), kana kwamba msanii alipaka redio na magazeti kwenye turubai. Asubuhi hiyo niliiandika upya: rangi ya mafuta, mchanga na vipande vya kitenge juu ya ubao. Nilipoisoma kwa sauti, mfanya usafi aliyekuwa akipita alisogea kuvitafuta vile vipande vya kitenge, nikajua lebo imefanya kazi yake. Herufi tumezikuza, wino ni mweusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, na kibao tumekishusha ili mtoto na aliyeketi wasome bila kukunja shingo. Nakala za nukta nundu ziko mezani mlangoni, ingawa wasioona wengi wanaokuja, hasa waliopoteza uoni ukubwani, hawaisomi, na kwao sauti ya mtu anayeeleza polepole ndiyo lebo.

Saa 4:30 asubuhi

Wanafunzi 11 walifika na mwalimu wao. Wawili walikuwa hawaoni kabisa, na wengine walikuwa na uoni hafifu, wakiwemo wanne wenye ualbino waliovaa kofia za ukingo mpana. Mwanga mkali huwaumiza macho, na kioo cha picha kinachorudisha taa usoni ni adha kwao, ndiyo maana chumba cha kwanza tuliviondoa vioo kwenye picha zinazoweza kuvumilia. Tulianza na michoro ya Tingatinga. Nilieleza jinsi Edward Saidi Tingatinga alivyoanza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam, akitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari kwa sababu ndizo alizozimudu, na jinsi alivyouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, akiwa tayari ameacha vijana wa kuuendeleza mtindo wake.

Nilikuwa bado nazungumza niliposikia sauti ya kijana wetu mpya nyuma yangu: "We binti! Usikaribie!"

Binti mmoja, wa miaka kama 12, alikuwa amevuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni mita moja kutoka ukutani, na uso wake ulikuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye picha. Alirudi nyuma hatua mbili, akaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi, akasema kwa sauti ambayo sisi tuliokuwa karibu tu ndio tuliisikia: "Samahani kaka, huku nyuma sioni."

Mlangoni kwetu tumeandika KARIBU kwa herufi za shaba. Miaka minne nimepita chini ya neno hilo kila asubuhi bila kufikiri kwamba ndani, ukutani, tulikuwa tumebandika kinyume chake: USIKARIBIE. Mstari ule niliupaka mimi mwenyewe, nikapima kwa futi kamba, nikaona nimelinda urithi. Sikuwa nimejiuliza mtu ambaye macho yake hufanya kazi umbali wa sentimita kumi atakitazama nini kutoka mita moja.

Babu ndiye aliyeokoa jahazi. Alikuja taratibu, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo kama mtu anayekagua shamba, akauvuka mstari na kusogeza uso hadi kwenye picha. "Mjukuu wangu, fanya hivi," alisema. "Mikono nyuma, macho mbele." Watoto wote wakaweka mikono nyuma, wakasogea, na kwa dakika kumi hivi hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Binti yule alipita kila picha akiisoma kama mstari wa maandishi, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akaniita kunionyesha unywele wa brashi ulioganda ndani ya rangi kwenye mgongo wa tausi. Unywele huo haumo kwenye daftari la hali ya picha ambalo mimi na mhifadhi wetu, anayetunza kazi zisiharibike, tulilijaza na kulitia saini.

Kwenye meza ya kugusa, baada ya kunawa mikono na kuvua saa, wale wawili wasioona walipewa vinyago vya Kimakonde tulivyovinunua kwa kazi hiyo: mnara wa ujamaa, ambamo watu wamebebana wakipanda juu, na shetani mmoja mwenye tumbo lililotobolewa. Kijana mkubwa aliupapasa mnara kuanzia chini, akihesabu vichwa kwa kidole gumba. Alipofika kwa shetani alikiinua, akakipima uzito mkononi, akakinusa.

"Mwalimu, hiki si mpingo."

Nilimwambia ni mpingo, na kwamba tulikinunua kwa mchuuzi anayeaminika.

"Mpingo mzito, ukiutia majini unazama. Hiki chepesi. Halafu kimepakwa dawa ya viatu."

Nilikinusa. Kilikuwa kimepakwa dawa ya viatu. Fedha iliyotumika ilikuwa ya umma, na stakabadhi yake ina jina langu.

Saa 7:15 mchana

Nilikula wali maharage wa mama lishe wa getini huku nikibishana na mhifadhi wetu kuhusu taa. Kwa kazi za karatasi yeye hataki mwanga uzidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga hupausha rangi na kilichopauka hakirudi. Mimi nina mkalimani wa lugha ya alama anayekuja Jumamosi, na viziwi hawawezi kumwelewa mtu wasiyeiona mikono yake. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani yeye ni mkaidi. Siku hizi naona kwamba kila mmoja wetu anamtetea mtu fulani, yeye akiwatetea watakaozaliwa miaka 100 ijayo. Tulikubaliana mkalimani asimame kwenye baraza yenye mwanga, mbele ya nakala kubwa za michoro hiyo, kisha watu waingie kuitazama yenyewe. Si suluhisho zuri sana. Anayesikia hatolewi nje ili aelezwe picha iliyo ndani, na nilimwambia hivyo mhifadhi, akakubali, akaendelea kula.

Saa 9:00 alasiri

Ripoti ya robo mwaka ina safu ya "idadi ya wageni wenye ulemavu". Takwimu zake hutoka kwenye daftari la getini, ambamo mlinzi huweka alama kila anapomwona mwenye fimbo au kiti mwendo. Kwa daftari hilo, hatujawahi kupata kiziwi hata mmoja wala mtoto mwenye usonji, ingawa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazima video zote asubuhi kwa ajili ya familia zenye watoto hao, na baraza hujaa. Niliandika namba nilizonazo na maelezo marefu chini yake, ambayo najua hayatasomwa.

Kijana wa ulinzi alikuja ofisini kuomba radhi kabla sijamwita. Nilimwambia kosa la mstari ni langu, halafu nikampeleka kwenye ile kazi ya Lilanga, nikamweleza kwamba mtu huyu alipokuja Dar es Salaam kutafuta maisha, kazi aliyoipata kwanza Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, ilikuwa ya mlinzi wa usiku. Aliitazama muda mrefu, mikono nyuma.

Saa 10:40 jioni

Tulikuwa tunakaribia kufunga mama lishe aliponipa chenji yangu ya mchana. Ameuza chakula nje ya geti letu kabla mimi sijaajiriwa, na sikumbuki kumwona ndani. Nilimwuliza kwa nini.

"Mwanangu, huko si kwa wenye shughuli zao? Na ndoo zangu nitamwachia nani?"

Babu alisema ataziangalia. Mama aliingia na aproni yake, akapita chumba cha kwanza haraka kama mtu anayechelewa, akasimama chumba cha pili mbele ya mashetani ya Lilanga. Alicheka peke yake, akataja jina la jirani yake mmoja ambalo sitaliandika hapa. Kisha akashika kiuno. Alikuwa amesimama tangu alfajiri.

"Sasa hapa mtu anakaa wapi?"

Viti vilikuwepo zamani. Vilitolewa kwa hoja kwamba vinawafanya watu wazoee kupumzika ndani, na nilikuwepo kwenye kikao kilichoamua hivyo. Kabla sijatafuta jibu, Babu alikuwa ameshaingia na kiti chake cha plastiki cha getini, akakiweka mbele ya picha, akarudi nje kusimama kando ya zile ndoo. Nilifungua daftari la mahitaji nikaandika: viti vinne, viwe na mgongo na mikono, wazee wapate pa kushikilia wanapoinuka. Chini yake: rangi ya kufutia mstari wa njano. Mama alikaa hadi saa kumi na moja na dakika kumi, na hatukuzima taa.