Stoo ya vipuri vya ndege ina mambo

Watu wa nyumbani wakisikia niko kiwanda cha elektroniki za ndege huku Arizona wanadhani naunda ndege, jamani mimi ni mtu wa stoo tu, napokea mzigo, nahesabu, naingiza kwa sistimu, natoa vipuri mafundi wakiitisha. Lakini hushiki chipu hata moja kama hujavaa ile kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, na huku jangwani hewa ni kavu sana, chipu inaungua na wewe hujasikia hata kidogo.

Halafu kuna zile zinazoogopa unyevu. Za levo 3 kwa kipimo cha kuogopa unyevu, ukishafungua pakiti una saa 168, zikipita hapo inabidi ziokwe kwa oveni kama mkate, maana unyevu ulioingia ukikutana na joto la kuchomelea unageuka mvuke na chipu inapasuka kwa ndani.

Kinachonichosha ni makaratasi. Kila rili, yaani gurudumu lenye mkanda wa chipu, lazima iwe na cheti, namba ya loti na tarehe ya kutengenezwa, ikikosa kimoja mzigo unafungiwa kwa kizimba hata kama ni mzima kabisa, na bosi wa laini apige kelele mpaka achoke, simpi. Chipu feki ziko sokoni, zingine zimeng'olewa kwa mabodi kuukuu zikakwaruzwa na kuandikwa upya, nani anataka hiyo ndani ya ndege aliyopanda?

Anyway wakaguzi wa AS9100, ile standadi ya ubora ya viwanda vya ndege, wanakuja wiki ijayo kwa hivyo wikendi ni ovataimu.