Kalamu ya bluu na kalamu nyekundu juu ya nyayo za Laetoli

Ukifundisha chimbuko la binadamu huwezi kuwapeleka wanafunzi wakazione nyayo zenyewe za Laetoli, zile alama za miguu ya mababu wa kale wa binadamu zilizoganda ardhini kaskazini mwa Tanzania. Zile zilizogunduliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978, kusini mwa Olduvai, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Baadaye mizizi ya migunga ikaanza kuzipenya, na katika miaka ya 1990 zikafukuliwa, zikahifadhiwa na kufukiwa upya. Kwa hiyo darasani kwangu picha ndiyo Laetoli, na picha hiyo nawaachia wanafunzi waichoree.

Vifaa ni vya kawaida: projekta ya shule, kompyuta mpakato na kalamu iliyomo ndani ya PowerPoint. Ukishaanzisha onyesho, bonyeza Ctrl na P kwa pamoja, mshale unageuka kalamu. Umeme ukikatika nahamia kwenye kishikwambi tulichopewa walimu baada ya sensa ya 2022, wanafunzi wanakizunguka kwa makundi.

Sheria ni moja tu, nami siilegezi. Bluu ni kwa unachokiona. Nyekundu ni kwa unachodhani.

Mwanzoni kila mtu anakimbilia nyekundu. Binti mmoja alizungushia nyayo ndogo zilizo sambamba na kubwa, akaandika "mama na mtoto". Nikamwomba aanze na bluu. Akapima kwa macho, akaandika: "nyayo ndogo, upande mmoja, zinaelekea kule kule." Mwenzake akaona kwamba kingo za zile kubwa zimevurugika, akaziwekea mshale. Hapo ndipo nikawaeleza kwamba watafiti wanaona kuna mtu wa tatu aliyekanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Darasa lilishtuka kweli, kwa sababu ushahidi walikuwa wameshauwekea alama wenyewe kabla sijafungua kinywa. Kama ningeanza kwa kuwaambia, wangeandika kwenye daftari na kusahau.

Halafu nikaonyesha picha za nyayo nyingine, zilizopatikana mita 150 hivi kutoka pale na kutangazwa mwaka 2016 na timu iliyowajumuisha Watanzania Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki. Mmoja wa waliopita hapo alikadiriwa kuwa na urefu wa takriban sentimita 165, mkubwa kuliko wale wa 1978. Je, wadogo ni watoto, au ni wanawake wa jamii ambayo wanaume walikuwa wakubwa mno? Binti yule hakufuta nyekundu yake. Aliongeza alama ya kuuliza pembeni na nyekundu ya pili. Nilifurahi sana, maana hivyo ndivyo historia inavyofanywa.

Video ndiyo inayowapendeza zaidi. Nyuma ya madarasa tuna mchanga, tunaulowesha, mwanafunzi anatembea kawaida, kisha anarudia akiwa amekunja magoti na nyonga kama sokwe mtu anaposimama. Mwenzake anarekodi kwa simu yangu kutoka ubavuni. Wazo hili silo langu: mtafiti David Raichlen na wenzake walifanya jaribio la namna hiyo na kulichapisha mwaka 2010, wakakuta kwamba ukitembea kwa magoti yaliyokunjwa, vidole vinazama zaidi kuliko kisigino, na kwamba nyayo za Laetoli zinafanana na za anayetembea wima.

Darasani tunaisimamisha video pale mguu unapogusa mchanga, tunapiga picha ya skrini, tunaichorea. Kila alama lazima iandikiwe sekunde yake. Mwanafunzi akisema "uzito uko mbele", wenzake wanauliza sekunde ya ngapi, na video inarudishwa hapo. Ubishi unakuwa juu ya kitu ambacho wote wanakitazama, na hata mkimya wa nyuma ananyoosha kidole kwenye skrini na kuwapinga wanaozungumza sana. Nikiwa na vipindi viwili vilivyofuatana, vyote navitoa kwa kazi hii, hata kama mada nyingine itasogea.

Kwa walimu wenzangu watakaojaribu: wekeni nakala safi ya picha kwenye faili lake kabla darasa halijaigusa. Mkifunga onyesho, PowerPoint itauliza kama alama zihifadhiwe. Kubalini, kisha andikeni jina la mkondo na tarehe. Msimrekodi mwanafunzi usoni, miguu inatosha. Na kama rangi za projekta yenu zimepauka, badala ya nyekundu tumieni mstari wa vidoto kwa dhana na mstari mzima kwa kinachoonekana.