Mwaka Niliokuwa Mto

"Mama, hiki kitambaa ni cha nini?"

Huyu wangu wa darasa la sita alikuwa amekaa sakafuni, sanduku la bati wazi mbele yake, akitafuta cheti chake cha kuzaliwa. Cheti hakukiona. Alichokiona ni pande la kaniki lililokunjwa mara nne, ukingoni bado limeng'ang'aniwa na nyuzi nyeupe za bandi. Alipolikung'uta, harufu ikanifikia mlangoni nilipokuwa nimesimama na mwiko mkononi. Wanaoijua kaniki wanaijua harufu hiyo: rangi, wanga, na kitu kama chuma kilichonyeshewa.

"Ni kipande cha mto," nikamwambia.

"Mto gani?"

"Mimi. Mimi nilikuwa mto."

Nikaenda kuepua sufuria, nikarudi, nikakaa naye chini.

Ilikuwa Aprili 2011, hapa hapa Arusha, masika yamekolea. Mnaoukumbuka mwaka ule mnakumbuka magari. Landrova, Noah, mabasi, hata malori ya mizigo, yote yanashika njia ya Mto wa Mbu kwenda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyesema dawa yake inaponya sukari na maradhi mengine sugu, kwa shilingi 500. Hapakuwa na nyumba mtaani kwetu ambayo haikuwa na mtu aliyekwenda, anayerudi, au anayetafuta nauli. Kwetu alikwenda Mama. Sukari ilikuwa imemshika mwaka wa tisa. Aliondoka Jumanne alfajiri na majirani wawili, na chapati za siku nne, na godoro jembamba la kulalia kwenye foleni. Mimi nilimwomba jambo moja tu, abebe dawa zake. Akabeba. Tangu Jumatano simu yake ikawa haipatikani.

Na sisi, wiki hiyo hiyo, tulikuwa kwenye ukumbi mmoja Ngarenaro tukimaliza mazoezi ya Kinjeketile, mchezo wa kuigiza kuhusu yule mganga wa vita vya Majimaji aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani.

Mwalimu aliuchagua mchezo huo Januari, kwa sababu ilikuwa miaka 50 ya Uhuru na alitaka tuanzie kwa waliotangulia. Januari hakuna aliyejua kwamba mji mzima utakuja kuzungumzia dawa ya kunywa. Magari yalipoanza, wazee wawili walimfuata wakamshauri aahirishe, watu wasije wakadhani tunamsema Babu. Akawajibu kwa heshima kwamba hatumsemi mtu, mchezo huu Ebrahim Hussein aliuchapisha 1969, na mwandishi mwenyewe alishatanguliza neno kwamba hata Kinjeketile wake si yule wa historia, ni wa kubuni. Wazee wakaondoka. Sidhani kama waliridhika.

Nataka niwataje wale wa nyuma ya pazia, kwa sababu waigizaji watu waliwaona na kuwapigia makofi, sisi hapana. Alikuwepo Mwalimu, mwongozaji, mtu wa Old Moshi ambaye babu zake walisimuliana jinsi Mangi Meli alivyonyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Kabla hata hatujagawana sehemu alitupeleka kwenye Boma la Wajerumani hapa mjini, lile ambalo sasa ni makumbusho, akatuambia kila mmoja aweke kiganja ukutani anyamaze kidogo. "Hawa ndio waliokuwa wanawakimbilia," akasema, "na mikononi wana maji." Alikuwepo kijana wa taa. Ulikuwa mwaka wa mgao, kwa hiyo yeye fundi umeme alifanya kazi yote bila umeme, kwa karabai mbili na kipande cha bati alichokikunja kiwe kama kiganja cha kuelekezea mwanga. Alikuwepo mzee wa ngoma, Mngoni wa Songea, ambaye kwao Majimaji si somo la shuleni. Na alikuwepo Mama Fundi. Mwalimu alisema maleba, yeye akisema nguo, na kila alichokishona kilikaa mwilini kama mtu alizaliwa nacho.

Mto aliutengeneza yeye. Pande sita za kaniki mpya, zilizokopwa dukani karibu na Soko Kuu kwa masharti kwamba zikitoka salama zitarudi. Ndiyo maana hakuzifua, wanga ukabaki, na ndiyo maana aliziunga kwa bandi ya mkono tu, mishono mikubwa ya kufumuka kwa urahisi. Mimi nilishika mwisho mmoja, kijana mmoja akashika mwingine, tukawa Rufiji. Mwalimu alitufundisha jioni tatu nzima jinsi ya kuutikisa. Mto haukazwi, alisema. Ukiukaza umekuwa pazia. Rangi ikatuingia mikononi mpaka kwenye makucha, haikutoka kwa sabuni wala kwa limau.

Mnajua kisa chenyewe. Mzimu Hongo anamvuta Kinjeketile mpaka ndani ya mto, anakaa huko watu wameshakata tamaa, halafu anatoka, na nguo zake ni kavu. Hapo ndipo watu wanapoamini. Bila pale hakuna maji, hakuna kuungana, hakuna vita.

Na hapo ndipo Mwalimu na Mama Fundi walipogombana.

Mwalimu alitaka Kinjeketile ainuke tu nyuma ya kitambaa, akivuke, watu waone wazi kwamba ni kitambaa. "Nataka wajiulize," alisema. Mama Fundi akaweka sindano chini. "Waamini kwanza, Mwalimu. Mtu asiyeyaamini maji, risasi zikianza atalia na nini?"

Ulikuwa ugomvi wa kweli, wa siku mbili, wa kutoitikiana salamu. Mwisho Mwalimu akakubali nusu. Yule anayezamia kumtafuta Kinjeketile atamwagiwa ndoo ya maji nyuma ya mto, atoke anatiririka, ili watu wajue kwamba haya ni maji. Kinjeketile akitoka mkavu, kila mtu na moyo wake. Mimi sikusema kitu siku zile mbili. Kila Mwalimu alipotamka neno kujiuliza, nilimwona Mama kwenye godoro lake kando ya barabara.

Jumamosi ya onyesho mvua ilianza saa kumi na moja jioni, haikukatika. Watu walikuja hivyo hivyo, wameloa, wakajaa mabenchi na wengine wakasimama ukutani. Mabati yakawa yanaunguruma juu yetu. Waigizaji walilazimika kupaza sauti mpaka mishipa ikawatoka.

Hongo akaja, akamvuta. Kinjeketile akawa amelala chali nyuma ya kitambaa, kati yetu wawili, amejifunga kaniki yake. Ngoma inakwenda taratibu. Mzamiaji ameingia, amemwagiwa ndoo, ametoka anachuruzika, na watazamaji wa mbele wamerudisha miguu chini ya benchi maji yasiwafikie. Ndipo nikasikia kitu kinaachia juu ya vichwa vyetu. Palikuwa na tundu kwenye bati, nadhani la msumari uliong'oka, na maji yaliyokuwa yamejikusanya yakateremka kama mfereji mwembamba, yakampata Kinjeketile katikati ya kifua.

Hakusogea. Mwigizaji hasogei. Ila alinitazama, na maji yanamjaa kifuani, yanaingia kwenye nguo, yanateremka kiunoni. Zilibaki kama dakika mbili ainuke mbele ya watu wote akiwa mkavu.

Mimi sikuweza kuachia. Nikiachia, mto umekufa.

Mama Fundi alikuja akitambaa kwa viwiko, mkasi wake umening'inia shingoni kwa kamba kama kawaida yake. Alimgusa kifua, akaikamua nguo kidogo kwa vidole viwili, akatazama huku na huku. Kaniki ya akiba ilikuwa upande wa pili wa jukwaa, na kuifikia ni lazima upite mbele ya watu. Halafu akanitazama. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

Alishika mshono wa kwanza kutoka kwangu, akakata fundo, akavuta uzi. Wanga wa kaniki mpya unaubana uzi, kwa hiyo ukivutwa unalia. Kila mshono uliokuwa ukitoka niliusikia vidoleni, mmoja mmoja, tik, tik, tik, mpaka pande langu likalegea na kumwangukia mapajani. Kabla halijaanguka lote alishaweka ncha ya pande linalofuata kwenye mkono wangu wa kushoto, halafu wa kulia, akinikunjia vidole kama unavyomkunjia mtoto vidole kwenye penseli. Wimbi halikusimama. Nikasogea hatua mbili kuelekea katikati ili mto usikazwe. Rufiji ikabaki pande tano, na katika ukumbi ule mzima hakuna aliyejua.

Akamfuta kifua kwa kitenge chake mwenyewe, kile alichojifunga. Akafungua kaniki iliyoloa, akamfunga ile kavu, akaikaza kiunoni, akampiga kofi dogo begani. Inuka.

Akainuka. Mzee akanyamazisha ngoma. Kijana wa taa akaligeuza bati lake, mwanga ukamjaa yule mtu mzima mzima, na yeye, bila kufundishwa na yeyote, akainua kiganja akajipiga pajani.

Kaniki kavu yenye wanga ina mlio wake. Ulisikika mpaka nyuma, juu ya mvua. Na palipopigwa pakatoka vumbi jeupe, kidogo tu, likaelea kwenye mwanga wa karabai, usiku ambao hakuna kitu chochote ndani ya ukumbi ule kilichokuwa kikavu, si viatu vyetu, si mabenchi, si nywele za watu.

Mama mmoja wa benchi la mbele akasema, "Mkavu." Hakupaza sauti. Akarudia kama anayejiambia mwenyewe, "Jamani, ni mkavu." Halafu vigelegele vikaanzia nyuma.

Yaliyobaki yalikwenda kama tulivyoyafanyia mazoezi. Maji yakagawiwa, na mtama, na mafuta ya mbarika. Kitunda akafundisha vijana wake vita. Risasi tulizipiga kwenye debe. Na zilipoanza, nilisikia ukumbi ukilia kwa namna ambayo sijaisikia tena kwenye mchezo wowote. Yule mama wa mbele alijifunika uso kwa khanga asitazame.

Baada ya onyesho alikuja nyuma. Hakuuliza chochote, aliomba aiguse tu ile nguo. Mwalimu akafungua mdomo amweleze, kisha akaufunga. Mama Fundi akamshikisha ncha ya kaniki, na sote tukasimama pale tukamngoja mpaka alipoiachia mwenyewe.

Jumapili tulicheza tena. Anga nyeupe, hakuna mvua. Mwalimu, huyo huyo aliyetaka watu wajiulize, akamfuata Mama Fundi akamwomba tufanye kama jana, mto ukatwe, nguo itoke mtoni. Nilikuwepo, nilisikia jibu lake.

"Jana palivuja, Mwalimu. Leo hapavuji."

Wala lile pande la sita hakulishona tena. Alililipia dukani kwa pesa yake, akanipa mimi. Jumapili watu walipiga makofi mengi, waigizaji walikuwa wazuri kuliko jana yake, hakuna aliyeinua khanga kujifunika. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii. Mwalimu alikuwa na haki, maana wale vijana wa 1905 walikufa kwa sababu hakuna aliyewaruhusu kujiuliza mapema. Na Mama Fundi alikuwa na haki, maana asiyeonja ile imani hata kwa dakika moja atawaona wale watu wajinga, na hawakuwa wajinga. Nikifika hapo, nasimama.

Mama alirudi Jumatatu usiku, tope mpaka magotini. Alisimulia foleni, na mvua, na watu wasiojuana waliogawana chapati zake. Kuhusu kikombe alisema maneno mawili tu. "Nimekunywa. Nimetulia." Asubuhi alipima sukari yake na kumeza dawa zake kama siku zote. Kisha akaiona mikono yangu, buluu iliyokuwa inaelekea weusi, akauliza imefanya nini.

Nikamweleza yote. Tundu la bati, mkasi, wanga, mshono kwa mshono. Alisikiliza kama anayesomewa barua ya mtu wa mbali. Nilipomaliza akauliza, "Hicho kipande kiko wapi?" Nikampa. Akakinusa, akajifunga juu ya gauni, akajipiga pajani kwa kiganja, mara moja. Aliivaa kaniki ile jioni zote za mwaka ule, na hakutaka ifuliwe. Baadaye akanipa nimtunzie.

Binti yangu alikuwa anavutavuta nyuzi za bandi. Nikamzuia.

"Lakini Bibi alijua kwamba ni uzi tu?"

"Alijua."

"Sasa alikitakia nini?"

"Yuko barazani, kamuulize. Mimi sijawahi."

Akatoka na kaniki begani. Walizungumza muda mrefu, wao wawili. Niliwasikia sauti, maneno sikuyasikia, na sikusogea karibu.