Umbali kati ya nukta mbili: kwa nini 5, wala si 7

Kanuni ya umbali kati ya nukta mbili huandikwa ubaoni kwa Kifaransa katika shule zetu za sekondari hapa Lubumbashi, na wanafunzi wengi huikariri bila kuuliza imetoka wapi. Hilo linanisikitisha, kwa sababu anayeijua kanuni ya Pythagoras (katika pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili nyingine) tayari anayo.

Tuchukue A(1, 2) na B(4, 6). Kutoka A hadi B tunasogea 3 kulia, kisha 4 juu. Miendo hiyo miwili inakutana kwa pembe mraba, na mstari AB ndio upande mrefu wa pembetatu. Mraba wa 3 ni 9, wa 4 ni 16, jumla ni 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Kanuni yenyewe, d = √[(x₂ − x₁)² + (y₂ − y₁)²], ambamo d ni umbali, x ni namba ya kwanza ya kila nukta na y ni ya pili, haisemi neno zaidi ya hilo.

Katika madaftari ya watoto wa majirani wanaoniletea hesabu zao, kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuandika kwamba √(9 + 16) ni 3 + 4, yaani 7. Sipendi kulifuta kosa hilo haraka, kwa maana 7 nayo ni urefu wa njia ya kweli. Katikati ya mji wetu, ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, barabara nyingi zimenyooka na hukatana kwa pembe mraba. Tukichukulia kwamba vitalu vya nyumba vina pande sawa, anayetembea vitalu 3 kuelekea mashariki na 4 kuelekea kaskazini amekwenda 7, ilhali ndege anayepita juu ya mapaa, akianzia na kuishia palepale, amekwenda 5. Mtoto akishaiona tofauti hiyo, haondoi tena kipeuo ovyo.

Namba hasi hazina tatizo. Kati ya (−3, 1) na (2, −11) tofauti ni 5 na −12. Miraba yake ni 25 na 144, na umbali ni 13, hata ukianza na nukta ya pili.

Sharti linalosahauliwa ni kwamba mihimili yote miwili, wa kulala na wa kusimama, lazima itumie kipimo kimoja. Kwenye grafu ya bei ya unga kwa miezi, mstari wa moja kwa moja kati ya nukta mbili hauna urefu wenye maana, kwani mwezi haujumlishwi na faranga.

Mwaka 1637 René Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, alionyesha jinsi maswali ya jiometri yanavyotatuliwa kwa aljebra, na uzito wa wazo hilo nauona ninapowapa wanafunzi A(1, 1), B(4, 5) na C(8, 2). Mraba wa AB ni 25, wa BC ni 25, wa AC ni 50. Basi pembetatu hiyo ina pande mbili sawa na, kwa kuwa 25 + 25 = 50, pembe mraba kwenye B, na hakuna aliyeshika rula wala kipimapembe.