Kumbe ni vavu ya PCV tu, ile ya kutolea gesi ya ndani ya injini

Jamani leo nimefurahi mno. Gari ilikuwa inavuja oili kwenye sili ya nyuma ya krenki, kila mtu ananiambia shusha giaboksi ubadilishe sili.

Leo nafungua boneti injini bado ya moto, nakuta dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, imejisukuma juu yenyewe! Hapo nikajua ni presha ya ndani, maana ile gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni lazima ipate pa kutokea, ikikosa inasukuma oili mpaka kwenye sili.

Nikachomoa vavu, nikaitikisa sikioni... kimya. Imejaa uchafu mweusi umeganda kama lami.

Nimefunga mpya, hii ukiitikisa inalia tk tk tk, raha kwelikweli, na dipstiki imetulia.

Nyie za kwenu mmeshazikagua? Zinalia?