Kiporo cha viazi kilivyogeuka wafo nyumbani kwetu

Binti yangu ana miaka minane, na huu ni mwaka wa pili tangu daktari atuambie kwamba ana siliaki. Mwili wake hauivumilii gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Akiila, utumbo wake unajeruhiwa. Hakuna dawa ya kuuponya ugonjwa huu. Tiba ni kuacha vyakula hivyo moja kwa moja, siku zote za maisha yake. Nyumba yetu ilikuwa ya maandazi asubuhi, chapati Ijumaa, na mgeni akipiga hodi jioni hakosi sambusa. Vyote viliondoka ndani ya wiki moja, maana sikuweza kumkalisha mtoto mezani akitazama wenzake wanakula.

Mahindi na mchele havina gluteni, na wali anakula bila shida kwa sababu mchele mzima nauchambua na kuuosha mwenyewe. Tatizo ni unga. Mashine ya kusaga mtaani kwetu inasaga mahindi, inasaga mtama, na mchana huohuo inapitisha ngano ya mtu mwingine. Vumbi la kilichotangulia linabaki mle ndani na kuingia kwenye unga wako. Baada ya usiku mmoja wa kuharisha na kulia tumbo kutokana na uji tulioudhani salama, nilijiwekea sharti: unga wa nafaka uliopita mashineni hauingii jikoni kwangu. Ndipo nikakishika kiazi kwa mikono miwili. Kiazi kinatoka udongoni Lushoto au Njombe, kinaingia kwenye gunia, kinafika sokoni Dar es Salaam kikiwa na ganda lake, nakimenya mwenyewe.

Wafo, zile keki bapa zenye vishimo zinazochomwa kwenye mashine ya umeme, zilikuja kwa sababu ya sherehe ya kuzaliwa ya binamu yake. Watoto walipangwa mezani, kila mmoja akapewa wafo ya moto yenye asali. Wangu akatoa ndizi kwenye mfuko niliomfungia, akala kimya. Usiku, nilipokuwa nambana nywele, akaniuliza, "Mama, kiazi nacho kinaweza kuwa na vishimo vile?" Sikujua. Nikamwambia tutajaribu.

Jirani yangu, dada wa watu ana moyo mzuri, alitaka kuniazima mashine yake ya wafo. Nilishukuru nikakataa, na nilimweleza kwa nini ili asinielewe vibaya. Mashine iliyowahi kuchoma wafo za ngano ina chembe kwenye vile vijishimo ambazo sabuni na brashi haziwezi kuzimaliza zote. Nilijidundulizia kwenye kibubu mpaka nikapata ya kwangu mpya. Haijawahi kuguswa na ngano, na wageni wote wanajua kwamba hiyo haiazimwi.

Mara ya kwanza niliharibu kwa kudhani wafo ni uji mzito wa kumimina. Nilichukua viazi vya kuchemsha vikiwa bado vya moto, nikavitia kwenye blenda pamoja na maziwa na mayai. Blenda inavisaga viazi kupita kiasi, wanga wote unatoka nje na mchanganyiko unavutika kama gundi. Niliumimina, nikafunga mfuniko, nikasubiri dakika tano. Nilipofungua, nusu ilikuwa imeganda juu na nusu chini. Nilikaa jioni nzima nachokoa vishimo kwa kijiti cha meno. Mara ya pili nilipunguza viazi nikaongeza mayai. Ikatoka nzima, lakini ilikuwa kimanda chenye alama za wafo: laini, chepechepe katikati, kinajikunja ukikishika. Binti yangu alikila chote kwa kunihurumia.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu, alipokuja kutoka Tanga. Nilikuwa nimebakiwa na sufuria ya viazi vya kuchemsha vya jana yake, vya kula na mchuzi wa nyama. Nilimsimulia mkasa wote. Akasema, "Mkwe wangu, wewe unapika rojo. Kachori unazipikaje?"

"Viazi vikavu, Mama. Navivuruga kwa mkono, natia viungo, nafinyanga."

"Basi fanya hivyohivyo, ubane."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na nilikuwa nalijua tangu utotoni. Kachori hazikai kama viazi vina maji. Kule nje tunazichovya kwenye unga, ndani ni kiazi, ndimu na viungo tu. Na hata vijana wa chipsi mayai barabarani hawatii unga popote: yai peke yake linashika chipsi zote zikawa sahani moja.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi. Viazi lazima viwe kiporo, vimelala kwenye friji usiku kucha. Hili silibadilishi. Kiazi kilichopikwa kikipoa, wanga wake unajikaza, hakinati tena, na unaweza kukikwaruza kama karoti. Cha moto hakikubali. (Visilale mezani, jamani, kwa joto letu, vikishapoa tu vifunike viingie kwenye friji, na kama umeme ulikatika usiku kucha usivitumie. Kiazi cha kijani au chenye machipukizi mengi sikipiki kabisa.) Nusu kilo ya viazi hivyo nakwaruza kwenye matundu makubwa ya kikwaruzo, bila kuviponda. Vile vinyuzi ndivyo vinavyokuja kuwa vikavu na kupata rangi nzuri.

Kisha namenya kiazi kimoja kibichi, kikubwa kidogo kuliko ngumi ya mtoto, nakikwaruza kwenye matundu madogo juu ya bakuli la maji. Nakikamua kwa kitambaa safi cha kuchujia tui, nakikamua kwelikweli mpaka vidole viume. Yale maji usiyamwage. Yaache yatulie dakika kumi, uyamimine polepole, na chini utakuta utando mweupe mzito, umeshika bakuli kama chokaa. Huo ni wanga wa kiazi, na ndio unaofanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na unga. Naukwangua wote narudisha kwenye viazi pamoja na kile kibichi kilichokamuliwa. Nilipougundua nilifurahi kuliko nilivyofurahia mashine yenyewe, kwa sababu ina maana sinunui kitu chochote cha pakiti. Hata hamira ya unga (baking powder) siiweki. Baadhi zina wanga wa ngano ndani, na wafo hii haihitaji kuumuka.

Natia mayai mawili yaliyopigwa, kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo na kukamuliwa kwa chumvi ili maji yatoke, kitunguu saumu, majani ya giligilani, pilipili mbuzi kidogo bila mbegu, na nusu kijiko cha bizari ninayoisaga mwenyewe nyumbani. Ndimu naiacha mpaka wakati wa kula. Ukiitia humo inaleta maji. Mchanganyiko uwe wa kushikika kwa kijiko, ukiuinua usidondoke. Ukiona maji yanajikusanya pembeni ya bakuli, yamwage kabla hujapika.

Mashine iwake mpaka iwe ya moto kabisa, niipake mafuta juu na chini kwa brashi, hadi kwenye pembe za vishimo. Natandaza mchanganyiko usizidi unene wa kidole, nafunga, nabana mfuniko kwa sekunde chache. Hapo subira ndiyo kila kitu. Mvuke utatoka kwa wingi pembeni. Ukifungua mvuke ukiwa mwingi, wafo inapasuka katikati, hakuna ujanja. Subiri mpaka mvuke ukaribie kuisha. Kwa mashine yangu ni dakika nane hadi kumi. Ikiiva inajiachia yenyewe, nainua kwa uma wa mbao. Kipimo hiki kinanipa wafo nne. Mashine yangu ni ya wati 1000, kwa hiyo zote nne hazimalizi hata uniti moja ya umeme wa LUKU, kitu nilichokuwa nakihofia mwanzoni.

Zikitoka sizibebanishi kwenye sahani, maana zinatokwa jasho na kulainika. Nazisimamisha kwenye waya wa kupozea keki. Tunakula na chatini ya nazi, ndimu ikikamuliwa juu, au kwa samaki aliyebaki. Mama mkwe alijaribu kuchanganya samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miba, kiganja kimoja, na mimi sasa ndivyo ninavyopendelea. Kwa shule namfungia mbili zikiwa zimepoa. Hazina ukavu tena wa mezani, lakini utamu unabaki. Zikibaki, asubuhi nazirudisha kwenye mashine dakika mbili, zinakauka upya vizuri kuliko kwenye kikaango.

Jumapili iliyopita binamu zake walikuja nyumbani. Nilichemsha kilo mbili tangu Jumamosi. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mashine, mimi pembeni yake, akiwaambia wenzake wasifungue mpaka mvuke uishe. Wa mwisho kuhudumiwa alikuwa yeye, kwa kutaka mwenyewe, na ya ziada akamfungia bibi yake kwenye foili.